Hofu ya Kichaa cha Mbwa: Ipi ni ya Kweli, Ipi ni ya Bure?



Mwezi huu twajifunza habari ya ugonjwa ambao jina lake lajulikana na watu wote, bali njia zake zajulikana na wachache, nao ni kichaa cha mbwa. Twaomba kila mwalimu alisome somo hili polepole, kisha awaeleze watu wa kijiji chake, hasa watoto wachungao ng'ombe na mbuzi, maana hao ndio wakutanao na wanyama kuliko sisi sote.

1. Nchi yetu na majirani zake

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao yake Bariadi, upande wake wa mashariki una mbuga ya Serengeti na pori la akiba la Maswa. Nyumbu hawaujui mpaka, wala fisi hasomi kibao. Usiku fisi hulia karibu na boma. Alfajiri mchungaji huona nyayo zake kando ya lambo. Mbweha hupita katikati ya mashamba ya pamba. Nyegere huvunja mizinga ya nyuki. Mara nyingine mbuzi huonekana amejeruhiwa, wala hakuna aliyemwona mnyama aliyemjeruhi.

Ndipo maswali yazaliwapo. Mmoja auliza: "Nimekunywa maji ya lambo alipokunywa fisi, je, nitapata kichaa?" Mwingine: "Nimekanyaga kinyesi cha mbweha, nami nina ufa kisiginoni, je?" Wa tatu: "Nimelala juu ya majani walipolala wanyama usiku, je?" Wako wakosao usingizi siku nyingi kwa maswali ya namna hii. Wahenga walisema: Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hofu hiyo si upumbavu, maana ugonjwa wenyewe watisha kweli. Lakini hofu isiyopimwa ina hasara mbili: humtesa mtu kwa jambo lisilo na hatari, tena humfanya asiione hatari iliyo mlangoni pake.

2. Ugonjwa wenyewe ni nini

Kichaa cha mbwa hakiletwi na jua kali, wala njaa, wala uchawi, wala laana. Huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Virusi hivyo hukaa katika ubongo na katika mate ya mnyama aliye mgonjwa. Mnyama huyo akiuma, mate yake huingia katika jeraha, navyo virusi hushika mishipa ya fahamu, vikapanda polepole mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi 1 hadi miezi 3. Yaweza kuwa fupi zaidi ikiwa jeraha liko kichwani au usoni, tena imewahi kupita mwaka mzima kwa watu wachache.

Vikiisha kufika kwenye ubongo, mgonjwa huona mchonyoto mahali alipoumwa, hupata homa na mahangaiko, huogopa maji hata koo lake hukakamaa akijaribu kunywa, kisha hufa. Mgonjwa aliyeanza kuonyesha dalili hizo hana dawa ya kumponya; waliopona duniani ni wa kuhesabiwa kwa vidole. Lakini sikilizeni neno hili, maana ndilo shina la somo zima: kabla dalili hazijaanza, ugonjwa huu wazuilika. Jeraha likioshwa mara na chanjo ikitolewa upesi na kumalizwa, mtu hupona.

Jambo hili lilijulikana zamani. Tarehe 6 Julai 1885 mtoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliletwa Paris kwa mtaalamu Louis Pasteur, akiwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa mara nyingi. Pasteur alimpa chanjo aliyoitengeneza yeye mwenyewe, na mtoto akaishi. Tangu siku hiyo haikupasa mtu kufa kwa kichaa. Hata hivyo yakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, nao wengi ni watoto.

3. Mambo yaogopwayo bure

Virusi vya kichaa vina nguvu katika ubongo na mate, lakini nje ya mwili ni dhaifu sana. Jua huviua, ukavu huviua, sabuni huviua, moto huviua. Wala haviwezi kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Tukiyashika maneno haya, tutaweza kuyajibu maswali mengi.

Maji ya lambo au ya mto Simiyu, hata kama fisi amekunywa humo, hayaleti kichaa. Maji hayo yaweza kuleta kuhara na kichocho, basi yachemsheni kwa sababu hiyo. Lakini kichaa, hapana.

Nyayo, kinyesi na mkojo wa mnyama havileti kichaa. Damu yake nayo haihesabiwi kuwa njia ya ugonjwa huu.

Majani, udongo, pamba shambani, kuni, ukuta wa zizi na mlango ambao mnyama alipita au kujisugua, havileti kichaa.

Kumwona mnyama mgonjwa, kupita karibu naye, au kusikia pumzi yake njiani hakuleti kichaa. Yasimuliwa habari ya watu wawili wa Texas, huko Marekani, katika miaka ya 1950, ambao walidhaniwa kuupata kwa hewa ndani ya pango lenye popo mamilioni. Jambo hilo ni geni hata wataalamu hulijadili mpaka leo. Halifanani kamwe na kupita katika mbuga yenye upepo.

Maziwa yaliyochemshwa na nyama iliyopikwa vema havileti kichaa. Hata hivyo ng'ombe mwenye kichaa asikamuliwe kwa ajili ya kunywa, wala mnyama mgonjwa asichinjwe kwa ajili ya kula.

Nyoka, mijusi, kuku na ndege wa angani hawana kichaa kabisa. Ugonjwa huu ni wa wanyama wanyonyeshao tu.

4. Mambo yasiyopasa kudharauliwa

Bali yako mambo ambayo watu huyadharau, nayo ndiyo yenye kifo.

La kwanza ni meno, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba. La pili ni ukwaruzo wa kucha au wa meno, hata usipotoa damu. La tatu ni mate mabichi ya mnyama yaliyoingia katika kidonda kilicho wazi, au katika jicho, pua au kinywa. Mbwa akikulamba mkono usio na jeraha, osha mikono, usifadhaike. Akiulamba mkono wenye kidonda kibichi, nawe wajua kwamba ameshindana na mnyama porini au amebadilika tabia, usingoje.

La nne ni mbuzi au ndama aliyeumwa na mnyama asiyejulikana. Mchungaji humshika, humfungua kinywa, hutia mkono ndani akidhani amekwamwa na mfupa kooni, kwa maana hatoi sauti nzuri na mate yamtoka. Hatari hii ni kubwa kuliko nyayo elfu za fisi. Mnyama wa kufugwa mwenye kichaa mara nyingi huonekana kama aliyekwamwa na kitu. Msimtie mkono kinywani. Mfungeni peke yake, mkamwite bwana mifugo.

La tano ni kupasua kichwa cha mnyama asiyejulikana alivyokufa. Huko Vietnam walionekana watu walioupata ugonjwa baada ya kumchinja na kumtengeneza mbwa au paka kwa mikono yao, wala hawakuumwa. Tena mzoga uokotwao porini waweza kuwa na kimeta, ugonjwa ambao nao huua. Basi mzoga usiguswe.

La sita ni mnyama wa mwitu aliyepoteza hofu yake. Fisi aingiaye kijijini mchana, mbweha ajaye mpaka penye watoto, nyegere ashambuliaye pasipo kuchokozwa, hao si wapole, ni wagonjwa. Mwaka 2009, upande wa Ikoma katika Serengeti, fungo mmoja alimwuma mtoto pasipo sababu, na askari wa wanyama wakamwua. Ubongo wake ulipopimwa, kilionekana humo kirusi cha jamii ya kichaa ambacho wataalamu hawakukijua kabla yake, wakakiita kwa jina la Ikoma. Popo naye asishikwe kwa mkono mtupu, maana meno yake ni madogo hata jeraha lake laweza lisionekane.

5. Mfano wa nyumba mbili

Ili tuelewe vema, tuseme kuna nyumba mbili katika kijiji kimoja.

Katika nyumba ya kwanza baba amekunywa maji ya lambo, kisha ameona nyayo za fisi pembeni. Usiku hapati usingizi. Asubuhi kichwa chamwuma, asema, "Ndicho hicho kichaa kimeanza." Auza mbuzi, apanda gari mpaka Bariadi, amweleza daktari. Daktari amwuliza, "Baba, huyo fisi alikugusa?" Ajibu, "Hakunigusa, sikumwona hata kumwona." Daktari amwambia, "Basi nenda nyumbani kwa amani. Maji hayana meno. Tena kichaa hakianzi kwa usiku mmoja; kichwa chakuuma kwa kukosa usingizi." Baba arudi akiwa ametulia, lakini mbuzi amekwenda.

Katika nyumba ya pili kuna mtoto wa kike wa miaka 7 na mtoto wa mbwa wa miezi 3. Mtoto wa mbwa amekuwa mkali ghafula, amemparuza binti kwa meno mkononi. Bibi asema, "Mwanangu, mpeleke mjukuu wangu hospitali." Mama ajibu, "Mama, ni mbwa wetu wenyewe, tena mdogo, hata damu haikutoka." Wampaka majivu. Baada ya siku 3 mtoto wa mbwa afa, wamtupa kichakani, wasema amekula sumu. Wiki 6 zapita. Binti aanza kujikuna kovu, kisha ayakataa maji. Hapo hata hospitali kubwa haina la kufanya ila kumpunguzia maumivu yake.

Nyumba ya kwanza iliogopa sana, wala hapakuwa na kitu. Nyumba ya pili haikuogopa, na kifo kilikuwa kimekaa nao jikoni. Kijiji kizima kingesimulia habari ya fisi wa lambo, wala hakuna ambaye angekumbuka habari ya mtoto wa mbwa. Ndiyo maana twasema hofu ipimwe, iwekwe mahali pake.

6. Jinsi ya kupima, na la kutenda

Mtu akiwa na mashaka, mwalimu amwulize maswali haya matatu. Je, mnyama mwenyewe alikugusa, au uligusa mate yake yangali mabichi? Je, ngozi yako ilivunjika, au mate yaliingia katika kidonda, jicho, pua au kinywa? Je, ni mnyama anyonyeshaye? Ikiwa jibu la swali la kwanza ni hapana, basi hakuna hatari ya kichaa. Ikiwa uliguswa, lakini ngozi yako ni nzima wala mate hayakuingia katika jicho, pua au kinywa, oshwa tu na sabuni, inatosha. Lakini ikiwa ngozi imevunjika, au mate yameingia, au huna hakika, fanya hivi:

Kwanza, osha jeraha mara ile ile kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo kwa muda wa dakika 15. Mmoja amimine maji kwa jagi au kata, mwingine asugue kwa upole. Msiharakishe, kazi hii peke yake huokoa wengi. Kisha tieni iodini au spiriti kama ipo. Msitie majivu, wala pilipili, wala mafuta ya taa, wala samadi, wala majani. Msilifunge jeraha sana, wala lisishonwe kabla ya daktari kuliona.

Pili, nendeni hospitali siku ile ile. Si kila zahanati yenye chanjo hii; basi yafaa wazee wa kijiji wajue mapema ni wapi ipatikanapo, kabla ya siku ya msiba. Chanjo haichomwi tena tumboni kama zamani, bali begani, nayo hutolewa kwa siku zilizopangwa: siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3, 7, na zaidi kama daktari aamuavyo. Kwa jeraha kubwa daktari aweza kutia pia dawa nyingine ya kinga katika jeraha lenyewe. Asiyemaliza chanjo zake ni kama mtu aliyejenga nyumba asiezeke.

Tatu, ikiwa aliyeuma ni mbwa au paka wa nyumbani, na aweza kufungwa pasipo hatari, afungwe, aangaliwe siku 10. Akiwa mzima siku hizo zote, basi siku alipouma mate yake hayakuwa na kichaa, na daktari aweza kuisimamisha chanjo. Lakini msingoje siku 10 ndipo muanze. Tena kanuni hii si ya wanyama wa mwitu. Aliyeumwa na fisi, mbweha au fungo aanze chanjo pasipo kungoja.

Kama zimepita siku nyingi tangu kuumwa, wala dalili hazijaonekana, msiseme, "Tumechelewa." Nendeni hata sasa.

7. Ugonjwa watoka wapi?

Sasa twafika kwenye jambo litakalowashangaza wengi. Sisi twadhani ya kwamba kichaa hutoka porini kikaja kijijini. Wataalamu waliochunguza habari hii miaka mingi katika Serengeti na vijiji vyake wameona kinyume. Walipovilinganisha virusi vilivyotoka kwa mbwa na vile vilivyotoka kwa wanyama wa mwitu wa namna nyingi, waliona kwamba kichaa kilicho kwao wote ni cha aina moja, nayo ni ya mbwa. Mbwa wa vijijini ndio waudumishao ugonjwa. Mnyama wa mwitu huupata kwao, huuma wengine wachache, kisha moto huo huzimika usipowashwa tena kutoka kijijini. Kirusi cha Ikoma tulichokitaja ni kitu cha pekee. Duniani pote, katika watu 100 wafao kwa kichaa, wapata 99 waliambukizwa na mbwa.

Mbwa mwitu wa Serengeti waliipata hasara hiyo. Kati ya mwaka 1989 na 1991 makundi yaliyokuwa yakichunguzwa na wataalamu yalitoweka, na katika baadhi ya makundi ya upande ule kichaa kilithibitishwa. Basi sisi twamwogopa fisi, kumbe naye angalikuwa na akili ya kibinadamu angalituogopa sisi kwa ajili ya mbwa wetu.

Habari hii ni njema, maana fisi hatuwezi kumfunga kamba, lakini mbwa twaweza. Wataalamu wasema kwamba, wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukatika. Huko Lindi na Mtwara, kati ya mwaka 2011 na 2019, mbweha walikuwa zaidi ya 40 katika kila wanyama 100 walioonekana kuwa na kichaa. Hata hivyo walipochanjwa mbwa, ugonjwa ulipungua kwa mbweha pia. Kisiwani Pemba kichaa kilikomeshwa kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2016 kikaingia tena, wakachanja tena, na mwaka 2018 kikakomeshwa mara ya pili. Hilo latufundisha kwamba kazi hii haiishi kwa mara moja.

Kwa hiyo siku ya chanjo itangazwapo, kila nyumba ipeleke mbwa wake wote, na watoto wa mbwa pia. Wengi huwaacha watoto wa mbwa nyumbani wakisema wangali wadogo. Lakini chanjo huwafaa hata wao, nao ndio wachezao na watoto wetu kila siku. Paka nao wapelekwe. Afungwe kwa kamba imara, ashikwe na mtu amjuaye. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, imewekwa kuwa siku ya kukumbuka kazi hii duniani pote. Yafaa walimu waitumie siku hiyo kuwafundisha watu.

8. Hofu iliyobaki moyoni

Mwisho, tusiwacheke wale ambao hofu haiwaachi hata wakiisha kuelezwa. Wako watu ambao huosha mikono mara ishirini, huchungulia kovu la zamani kila saa, huuliza swali lile lile kwa kila mpitaji. Mtu kama huyo hana kichaa cha mbwa, lakini ana mateso ya kweli. Asikilizwe mara moja kwa utulivu, aulizwe maswali yetu matatu, apewe jibu moja lililo wazi. Mashaka yakimzidi, apelekwe kwa daktari, si kwa ajili ya chanjo, bali kwa ajili ya mashaka yenyewe, maana hayo nayo yana matibabu. Naye mzazi asimtishe mtoto kwa jina la kichaa, wala asimpige aliyeumwa kwa kuchokoza mbwa. Mtoto apigwaye huficha jeraha lake, na jeraha lililofichwa ndilo liuaalo.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja mambo matatu ambayo watu wa kijiji chako huyaogopa kwa habari ya kichaa. Yapi ni ya kweli, yapi ni ya bure, na kwa nini?
2. Mchungaji mdogo asema mbuzi wake hawezi kumeza na mate yamtoka. Utamwambia nini?
3. Eleza kwa mpango mambo ya kumtendea mtu aliyeumwa sasa hivi.
4. Kutoka kijijini kwako, ni hospitali gani yenye chanjo ya watu, na nani awezaye kumpeleka mgonjwa usiku?
5. Hesabuni mbwa wa mtaa wenu. Wangapi wamechanjwa mwaka huu? Je, wafika 70 katika 100?